Barua bado ni ngao ya mnyonge: manufaa yake, aina zake na namna ya kuiandika

ASUBUHI ya Jumatatu katika eneo la viwanda mjini Thika, mpita njia hakosi kumwona kijana aliyesimama langoni akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha hiyo mna nakala za vyeti, nakala ya kitambulisho na barua ya kuomba kazi. Ukishika barabara kuu ya Thika kuelekea Nairobi na kushukia Ruiru, utampata mwenzake akielekea ofisi ya chifu kutafuta barua ya utambulisho ili mwanawe apate msaada wa karo. Mwingine, mpangaji katika mojawapo ya majumba marefu yaliyomea palipokuwa na mibuni, anatafuta mtu wa kumwandikia barua ya kudai rubuni yake kutoka kwa mwenye nyumba.

Wapo wanaodai kuwa barua imepitwa na wakati kwa sababu ya simu ya mkononi. Ni kweli kwamba barua za salamu zimepungua mno. Hata hivyo, katika mambo yanayohusu kazi, nyumba, shule, ardhi na haki ya raia mbele ya serikali, barua haijapata mrithi. Anayeweza kuiandika huwa na ngao. Asiyeweza huingia vitani mikono mitupu.

Makala haya yanaeleza kusudi la barua, manufaa yake, aina zake za kawaida, na namna mwananchi wa kawaida anavyoweza kuiandika na kuihifadhi ili imfae siku ya dhiki.

Barua ni nini?

Barua ni ujumbe ulioandikwa na mtu au taasisi kwa mtu au taasisi nyingine, ukiwa na tarehe, jina la mwandikiwa na jina la mwandishi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoitofautisha barua na maandishi mengine. Karatasi isiyo na tarehe wala sahihi inaweza kuwa na maneno mazuri, lakini haimfungi mtu yeyote.

Waswahili wana historia ndefu ya kuandikiana. Barua za kale zaidi za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka wa 1711, kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa katika makavazi ya Goa nchini India. Waliozituma walikuwa na shughuli za kisiasa na Wareno waliokuwa Msumbiji. Walioziandika wamekufa karne tatu zilizopita. Maneno yao yangali yanasomeka. Wahenga nao walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana.

Huku bara, maandishi yalimfikia Mwafrika mara nyingi kama chombo cha kumdhibiti. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianza kutekeleza sheria ya mwaka wa 1915 ya usajili wa Waafrika, na wanaume wakalazimishwa kubeba kipande. Katika mashamba ya walowezi, yakiwemo yale ya kahawa na katani yaliyozunguka Thika na Ruiru, mwajiri ndiye aliyeandika humo tarehe ya kuajiriwa, mshahara na tarehe ya kuachishwa. Mfanyakazi aliyeondoka bila mwajiri kuidhinisha kuachishwa kwake kwenye karatasi hiyo alihesabiwa mtoro. Basi karatasi ilizungumza juu yake, naye hakuwa na nafasi ya kujibu. Barua aliyoiandika mtu mwenyewe ni kinyume cha kipande: humo yeye ndiye anayezungumza.

Kusudi na manufaa

Kwanza, barua huweka kumbukumbu. Maneno ya mdomo hubadilika kila yanaposimuliwa upya. Barua husema leo kile ilichokisema siku ilipoandikwa, hata kama mwandishi na mwandikiwa wamekosana.

Pili, barua humpa mwandishi muda wa kufikiri. Mtu mwenye hasira akipiga simu anaweza kutamka neno litakalomponza. Akiandika, anaweza kulifuta neno hilo kabla halijamfikia mwenziwe.

Tatu, barua humfikisha mtu asipoweza kufika kwa miguu. Mlinzi wa lango anaweza kumzuia mfanyakazi asimwone meneja, lakini barua iliyopokelewa na kupigwa mhuri huingia ofisini na kungoja jibu.

Nne, barua moja huweza kusomwa na wengi. Mfano ulio bora katika historia ya Kenya ni ule wa marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka wa 1989, aliposikia kwamba kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliziandikia kampuni husika, Afisi ya Rais, wakuu wa jiji na mashirika ya Umoja wa Mataifa, akiuliza maswali na kutaka maelezo. Alibezwa na kutukanwa hadharani, lakini maswali yake yalikuwa yamekwisha andikwa na kusomwa. Jumba hilo halikujengwa.

Aina za barua

Kwa kawaida, walimu wa Kiswahili huzigawa barua katika mafungu mawili makuu: barua za kirafiki na barua rasmi. Mgawanyo huu unafaa, ila kila fungu lina matawi yake.

*Barua ya kirafiki au ya kidugu.* Hii huandikiwa mzazi, ndugu, mwenzi au rafiki. Lugha yake ni ya kawaida na hisia zinaruhusiwa. Huwa na anwani moja tu, ya mwandishi, pamoja na tarehe. Aina hii haijafa katika shule za bweni, zikiwemo nyingi zilizo Thika na viunga vyake, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Mzazi anayemwandikia mwanawe ukurasa mmoja humpa kitu ambacho simu ya dakika mbili haitoi: maneno anayoweza kuyasoma tena usiku wa kuamkia mtihani.

*Barua ya kuomba kazi.* Hii ni barua rasmi. Hutaja nafasi inayoombwa, mahali tangazo lilipoonekana, elimu na tajriba ya mwombaji, na namna ya kumpata. Kosa la kawaida ni kuandika barua moja na kuitoa nakala 20 kwa viwanda 20 bila kubadilisha hata jina la mwandikiwa. Mwajiri hulitambua kosa hilo mara moja.

*Barua za kazini.* Hizi ndizo zenye uzito zaidi kwa wakazi wa miji ya viwanda, nazo zinatajwa na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007. Chini ya sheria hiyo, kazi inayochukua miezi 3 au zaidi inapaswa kuwa na mkataba ulioandikwa, na ni jukumu la mwajiri kuhakikisha umeandikwa. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuutoa mkataba huo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake.

Vilevile, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 kwa maandishi kabla ya kuachishwa kazi, na yeye pia anapotaka kuondoka anapaswa kuitoa. Iwapo hawezi kuielewa notisi aliyopewa, mwajiri anatakiwa kuhakikisha amefafanuliwa kwa mdomo katika lugha anayoielewa. Aidha, aliyefanya kazi kwa zaidi ya majuma 4 mfululizo ana haki ya kupewa cheti cha huduma anapoondoka. Ifahamike kwamba cheti hicho si barua ya sifa: sheria haimlazimishi mwajiri kumsifu mtu.

*Barua ya upangaji.* Mpangaji na mwenye nyumba wanapaswa kuandikiana kuhusu kodi, rubuni, marekebisho na kuhama. Kwa wenye maduka na mikahawa ambao upangaji wao unalindwa na sheria ya mapangisho ya biashara, mwenye jengo anayetaka kuongeza kodi au kuwaondoa lazima atoe notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa, na notisi hiyo haianzi kutumika kabla ya miezi 2 kupita. Neno la mdomo kwamba "mwisho wa mwezi uwe umehama" si notisi.

*Barua ya kuomba habari.* Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaeleza namna: ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa husika anapaswa kutoa uamuzi katika muda wa siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda huo ni saa 48. Mkazi wa Ruiru anayetaka kujua ni kiasi gani cha pesa kimetengewa barabara ya mtaa wake hahitaji kumfahamu mkubwa yeyote. Anahitaji barua.

*Barua ya utambulisho.* Hii hutolewa na chifu, mwalimu mkuu, kiongozi wa dini au mwajiri, kuthibitisha kuwa mtu fulani anafahamika. Huhitajika katika maombi ya msaada wa karo na katika shughuli nyingine nyingi za afisini.

*Waraka na barua kwa mhariri.* Waraka huandikiwa watu wengi kwa pamoja, mathalani wazazi wote wa shule au wafanyakazi wote wa kampuni. Barua kwa mhariri nayo hutumwa kwa gazeti, na hufaa jambo linapohusu umma mzima, kama vile takataka zisizozolewa au bomba la maji lililopasuka.

Mfano wa mfanyakazi aliyeambiwa asirudi

Ili msomaji aone jinsi barua inavyoweza kubadilisha mambo, na tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyakazi wa kiwandani, aliyehudumu kwa miaka 3, anaitwa na msimamizi wake jioni na kuambiwa, "Kesho usirudi." Hapewi karatasi yoyote. Anarudi nyumbani Makongeni akiwa ameduwaa, na anakaa majuma mawili akingoja simu. Hatimaye anapokwenda kulalamika kwa afisa wa leba, mwajiri anasema, "Hatukumfuta. Alitoroka kazi." Sasa ni neno lake dhidi ya neno la kampuni.

Mfanyakazi huyo angeweza kujikinga kwa barua fupi iliyoandikwa usiku uleule au kesho yake. Tazama:

*(Jina la mwandishi)*
*S.L.P. (nambari ya sanduku)*
*01000 THIKA*
*(Nambari ya simu)*

*(Tarehe)*

*Meneja wa Wafanyakazi,*
*(Jina la kampuni na anwani yake)*

*Kwa Bw./Bi.,*

*KUH: KUAMBIWA NISIRUDI KAZINI*

*Mimi ni mfanyakazi wa kampuni hii, nambari (…), katika idara ya (…), tangu (tarehe).*

*Jana, tarehe (…), saa kumi na moja jioni, msimamizi wangu (jina) aliniambia kwa mdomo nisirudi kazini. Sikupewa sababu wala notisi ya maandishi.*

*Niko tayari kuendelea na kazi yangu. Iwapo kampuni imeamua kuniachisha, naomba nipewe sababu kwa maandishi, nafasi ya kujieleza, malipo ninayostahili na cheti changu cha huduma.*

*Natarajia jibu lako katika muda wa siku 7.*

*Wako mwaminifu,*
*(Sahihi)*
*(Jina kamili)*

*Nakala kwa: Afisa wa Leba, Thika*

Barua hiyo haina tusi, kilio wala kitisho. Ina tarehe, saa, jina la aliyetoa amri na maombi yanayoeleweka. Sentensi yenye nguvu kuliko zote ni ile isemayo, "Niko tayari kuendelea na kazi yangu," kwa maana inaliziba mapema dai la kwamba alitoroka. Maombi yenyewe pia yana msingi, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi makosa yake katika lugha anayoielewa na kumsikiliza kabla ya kumfuta kwa sababu ya utovu wa nidhamu au utendakazi duni. Mfanyakazi naye asichelewe: malalamiko kwa afisa wa leba yanapaswa kuwasilishwa katika muda wa miezi 3 tangu siku ya kufutwa.

Sehemu za barua rasmi

Kutokana na mfano huo, msomaji ataona kwamba barua rasmi ina anwani mbili: ya mwandishi na ya mwandikiwa. Kati yake huwa na tarehe. Hufuata mtajo, yaani namna ya kumwita mwandikiwa kwa heshima. Kichwa kinachotaja jambo lenyewe kwa maneno machache. Mwili wenye aya fupi. Kisha kimalizio, sahihi, jina na cheo, iwapo kipo.

Katika mwili wa barua, aya ya kwanza imtambulishe mwandishi. Ya pili ieleze yaliyotokea kwa mfuatano wa tarehe. Ya tatu iseme wazi kinachoombwa. Barua nyingi za malalamiko hukosa jibu kwa sababu zinaeleza uchungu katika kurasa tatu bila kusema mwandishi anataka afanyiwe nini.

Lugha ya heshima si unyonge. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu maombi ya raia kwa Bunge inataka maombi hayo yaandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza na kwa lugha ya adabu. Anayeandika kwa adabu humnyima mpinzani wake kisingizio cha kuzungumzia matusi badala ya madai.

Asiyejua au asiyeweza kuandika

Haki ya barua si ya waliosoma peke yao. Sheria ya mwaka wa 2016 iliyotajwa hapo juu inasema kuwa mtu asiyeweza kuandika, ama kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anaweza kutoa ombi lake kwa mdomo, na afisa wa habari ataliandika na kumpa nakala. Mwananchi anayefukuzwa afisini kwa kuwa hakuja na barua ananyimwa haki yake.

Thika yenyewe ina mchango mkubwa katika jambo hili. Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, imewafunza watoto wa vizazi kadhaa kusoma na kuandika kwa nukta za breli. Kwa asiyeona, barua ya breli humwezesha kusoma siri yake kwa vidole vyake mwenyewe, bila kusomewa na jirani. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mwaka wa 1874, huwasamehe wasioona ada ya kutuma maandishi yao katika nchi mbalimbali.

Anayeandikiwa barua na mwingine asitie sahihi wala kidole gumba kabla ya kusomewa yote kwa lugha anayoielewa. Pia asikubali kamwe kutia sahihi kwenye karatasi tupu.

Kuituma na kuihifadhi

Barua nzuri isiyofika ni kazi bure. Nchini Kenya, barua huelekezwa kwenye masanduku ya posta wala si milango ya nyumba. Kwa sababu hiyo, wakazi wengi wa mitaa mipya ya Ruiru, ambako msimbo wa posta ni 00232, hutumia sanduku la shule, kanisa au mahali pa kazi. Anayefanya hivyo amwombe mwenye sanduku ruhusa, aandike jina lake kamili pamoja na "kupitia kwa", na kulitembelea mara kwa mara. Barua ya kuitwa kwenye mahojiano ikikaa sandukuni hadi siku ipite, nafasi humwendea mwingine.

Barua muhimu ipelekwe kwa mkono. Andika nakala mbili, uache moja, na nyingine ipigwe mhuri wa kupokea au itiwe sahihi na tarehe na mpokeaji. Wakikataa kuipokea, itume kwa rejista katika posta na uhifadhi risiti. Baruapepe pia inakubalika, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inatambua rekodi za kielektroniki; ila usiifute, na usitegemee simu moja ambayo inaweza kuibwa matatuni.

Nyumbani, tenga faili au bahasha moja ya barua za kazi, nyingine ya nyumba, nyingine ya shule za watoto. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali.

Msomaji asingoje hadi aonewe ndipo ajifunze kuandika. Aanze leo kwa kuitafuta barua yake ya kuajiriwa au makubaliano yake ya nyumba. Asipoipata, hiyo ndiyo barua ya kwanza anayopaswa kuiandika: ya kuomba nakala yake.